Nyanya za ndoo Umoja: sasa tumefika kwa kalsiamu

Hii ni ya nyanya zangu za juu ya paa hapa mtaa wa Umoja, Nairobi, aina ya Cal J kwa ndoo za lita 20. Kishada cha kwanza kilikuja na kitako cheusi kimebonyea, jirani akaniambia huo ni ugonjwa nipige dawa, lakini hapo hakuna kuvu wala mdudu, ni tunda limekosa kalsiamu likiwa bado dogo. Nyanya ndefu ndefu ndio husumbuka sana na hii kitu.

Agrovet nikapimiwa mbolea ya kalsiamu naitreti. Muuzaji alikua ananisukumia CAN (mbolea ya kalsiamu amoniamu naitreti) juu ni rahisi, lakini CAN nusu ya naitrojeni yake ni amoniamu na hiyo hushindania mizizi na kalsiamu, alafu kalsiamu yenyewe ni kama asilimia 8 tu, hii ingine iko 19 hivi. Naweka kijiko cha chai kwa lita tano za maji, mara moja kwa wiki, namwaga kwa udongo. Usiichanganye na DAP, ile mbolea ya fosfeti, kwa mtungi mmoja, inashikana na fosfeti inakua unga chini, hapo umemwaga pesa. Maganda ya mayai pia niliyasaga nikaweka, ila yanaoza polepole mno, labda yasaidie msimu ujao.

Sasa maji. Kwangu hapa ndio kazi yote iko. Kalsiamu inapanda na maji kutoka kwa mizizi na ikishaingia kwa majani haitoki tena kwenda kwa tunda, kwa hivyo mgao wa maji ukikausha ndoo alafu maji yakirudi umwage ya kufurika, mbolea iko hapo hapo kwa udongo na tunda linalala njaa. Nimejaza mitungi ya akiba, nimefunika udongo na nyasi kavu, namwagilia kila asubuhi hata kama ni kidogo.

Kishada cha tatu kimefunga na chini ni kijani safi, isipokua ndoo mbili za kando ya tenki. Mbolea ni ile ile, lakini jua la saa nane linapiga ukuta linarudi kwao, jioni udongo umekauka kabisa, na bado zinatoa nyeusi. Hizo nyeusi nazitoa mapema juu haziponi, ile sehemu nzima ya juu inaingia kachumbari. Ndoo zenyewe nazihamisha Jumamosi nikipata mtu wa kushika upande ule mwingine, ni nzito balaa.