Tarumbeta la Kuazima

Wajukuu wakisikia kwamba vita vya Kagera nilivikuta nikiwa bendi ya jeshi, hucheka kidogo kisha huuliza: "Kwa hiyo Babu, mlikuwa mnawapigia muziki wenzenu?" Hatukupiga hata wimbo mmoja. Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka na kuteremka hadi mto Kagera, vyombo vyetu vilifungiwa stoo Dar es Salaam: trombone, klarineti, ngoma kubwa, vyote. Sisi wenyewe tukagawiwa machela. Wazee waliotumikia KAR, jeshi la Waafrika chini ya mkoloni, walikuwa wametusimulia kwamba kwa Mwingereza ilikuwa hivyohivyo, vita ikianza mwanabendi hubeba majeruhi, lakini tulidhani ni hadithi za kale.

Somo la kwanza la machela liliniuma kuliko yote yaliyofuata kambini. Sajini wetu alikuwa ametutukana kwa miaka, kila mtu anapokosea mguu kwenye gwaride. Sasa sajini yuleyule alikuwa anatukimbilia pembeni akipiga kelele: "Vunjeni hatua! Vunjeni hatua, nyie!" Watu wanne wakibeba machela kwa mguu mmoja, turubai linaanza kubembea na majeruhi anarushwarushwa humo juu na mfupa wake uliovunjika. Lazima kila mmoja akanyage kwa wakati wake. Kwa wapiga bendi hilo ni gumu, amini usiamini. Tulikuwa tunaanza vizuri, tukifika mita hamsini miguu yetu imeshakubaliana yenyewe.

Katika tarumbeta langu nilichukua kitu kimoja tu, kile kipande cha mdomoni. Nilikiviringisha ndani ya soksi. Jioni nilikuwa nakipuliza peke yake, kinalia kama nzi aliyenaswa kwenye chupa, wenzangu wananirushia mabuti. Tulipovuka Mutukula kuingia Uganda niliacha. Midomo ya mpulizaji ukiitelekeza wiki mbili inalala, na mimi niliitelekeza zaidi ya mwezi.

Machi 1979 tuliteremsha majeruhi hadi Bukoba. Mmoja wao alikuwa mgambo, mtu mzima kunipita, amepigwa kipande cha bomu kwenye nyonga. Kabla ya kupakiwa kwenye lori tulimbeba kwa miguu njia ya matope, mimi nikiwa kichwani kwake. Akanitazama kutoka chini akasema, "Nyinyi mmejiunga na jeshi lini? Mbona kila mtu na mguu wake?" Nikamwambia tuko bendi. Akacheka, kucheka kukamuumiza. Hakufika salama.

Usiku huo afande mmoja akaniita. "Koplo, wewe si wa tarumbeta? Kesho tunazika Kaboya. Utapiga Last Post ya kuwaaga."

"Tarumbeta sina, Afande."

"Tafuta."

Bahati yangu ilikuwa mahali penyewe. Walutheri wa huko wana tarumbeta za kanisani, na muuguzi mmoja alinielekeza kwa mzee aliyekuwa anapiga ibadani. Mzee alitoka ndani amelibeba limeviringishwa kwenye kanga kama mtoto mchanga. Lilikuwa kuukuu, limebonyea mdomoni, na kipande changu kilipwaya ndani yake. Nikakizungushia karatasi nyembamba ya ndani ya pakiti ya sigara mpaka kikakaa.

Nilijifunza upya nyuma ya kanisa, migombani. Sauti ya kwanza iliyotoka siwezi kuielezea mbele ya watu. Mzee alisimama akisikiliza, mikono nyuma, kisha akashindwa kuvumilia.

"Mwanangu, mbona hubonyezi chochote?"

Nikamweleza kwamba tarumbeta la jeshi la kupigia amri halina vitufe. Lina sauti tano tu, na zote unazitafuta kwa midomo na pumzi.

"Tano tu? Na mnawazika watu kwa hizo tano?"

"Ndiyo, mzee."

Alifikiri kidogo. Akaingia ndani akanitolea samli kwenye kikombe, akaniagiza niipake midomoni usiku na niifute yote asubuhi, la sivyo itateleza. Alijua kazi yule. Asubuhi nilimkuta amevaa koti, anasema tarumbeta haliendi popote bila yeye. Afande alinikodolea macho, lakini tukampakia.

Kaboya kulikuwa na manyunyu. Majeneza yaliletwa, na waliobeba walikuja kwa mwendo wa pole, mguu wa kushoto kwa pamoja, wa kulia kwa pamoja, safi kabisa, kama tulivyofundishwa zamani. Nilimtafuta yule mgambo katika msururu ule, ingawa hakuna njia ya kumjua mtu ndani ya sanduku. Nilitaka aone kwamba safari hii hakuna aliyekosea mguu.

Nikapiga. Nusu ya kwanza ilitoka vizuri kuliko nilivyostahili. Kisha ile sauti ya juu kabisa, ambayo hata siku ya kawaida inakuomba kitu, ilikatika. Haikupotea, ilikatika katikati kama uzi na kuungana tena. Hakuna aliyegeuka. Hadi leo, kila tarehe 25 Julai redio ikirusha maadhimisho ya Mashujaa, pale juu huwa nashika pumzi kwa ajili ya kijana anayepiga.

Tulipomaliza, mzee alilipokea tarumbeta, akalikung'uta mate, akalifuta kwa kanga.

"Ilikatika pale juu," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Nimesikia." Hakuongeza neno.

Nikataka kukitoa kipande changu. Hakikutoka. Ile karatasi ilikuwa imelowa mate na mvua ikavimba, tukavuta yeye na mimi mpaka afande akapiga honi ya lori. Mwishowe mzee akatia mkono mfukoni mwa koti, akatoa kile cha kwake kilichochakaa fedha, akanikabidhi.

Tarehe 11 Aprili, Kampala ilipoanguka, kilikuwa kwenye soksi yangu. Tuliporudi Dar nikakijaribu kwenye tarumbeta langu la zamani. Kilikuwa kinene mno, hakiingii.