Jioni Shaba Aliporudi na Harufu Ngeni

Nilimrudisha paka wangu Shaba nyumbani kutoka kliniki alikong'olewa meno, saa 11 jioni, bado anayumba kwa dawa ya usingizi, taya la kushoto limevimba kidogo. Nikaliweka tundu lake la kubebea katikati ya sebule, nikafungua mlango wake, nikamwita Majivu, paka wangu wa pili, aje amwone nduguye. Walizaliwa tumbo moja. Miaka 6 walikuwa wakilala kwenye kiti kimoja, huyu akimramba yule masikio mpaka usingizi uwachukue wote wawili. Niliona namfanyia Majivu hisani, maana mchana kutwa alikuwa akizunguka nyumba nzima akilia kumtafuta.

Majivu alikuja mbio, mkia juu. Alipobakiza hatua mbili akasimama. Akanyoosha shingo, akanusa, akaachama nusu mdomo, akabaki hivyo. Kisha manyoya ya mgongo yakasimama, mkia ukafura, masikio yakalala kisogoni, na macho yake ya njano yakawa meusi tii. Mlio uliomtoka sikuwahi kuusikia kwake, mzito na mrefu, unapanda na kushuka. Shaba, ambaye hata miguu ilikuwa haijamtii vizuri, akajikokota kumfuata kama alivyozoea. Majivu akamrukia.

Nikaingiza mkono katikati yao. Meno yakazama chini ya kidole gumba, na hakuachia upesi. Mama ndiye aliyewatenganisha. Alichomoa mto wa kiti, akausukuma kati ya miili yao bila kusema neno, na Majivu alipopoteza kumwona Shaba akakimbilia chini ya kabati. Nilimfuata huko nikimfokea. Nilimwita mkatili. Kati ya yote niliyoyafanya jioni ile, hilo bado linaniuma kuliko lile jeraha.

Jeraha lenyewe lilikuwa matundu manne madogo. Nililiosha kwa sabuni chini ya maji ya bomba, nikadhani yameisha. Kulipokucha mkono ulikuwa umevimba hadi kifundo, mwekundu, unapwita. Hospitalini daktari alinieleza kwamba jino la paka ni jembamba kama sindano: hupanda vijidudu ndani sana, halafu ngozi hujifunga juu yake, na uchafu unabaki humo humo. Nikapewa antibiotiki, nikaulizwa kama paka amechanjwa kichaa cha mbwa. Alikuwa amechanjwa, na kadi yake ilikuwapo. Nayataja haya kwa sababu watu wengi huliona jino la paka ni jambo la kupangusa na kuendelea na kazi.

Nilipotoka pale nikampigia simu daktari wa mifugo aliyemtibu Shaba. Nilitaka aniambie kama Majivu amepata ugonjwa wa akili. Badala ya kunijibu akaanza kuniuliza. Tundu ulilifungulia wapi? Majivu alikuwa wapi? Alinusa kwanza au alishambulia moja kwa moja? Anakula? Anakojoa kama kawaida? Nikamjibu yote. Akanyamaza kidogo, akasema, "Majivu hakumpiga Shaba. Alimpiga paka mgeni aliyeingia nyumbani kwake."

Akanifafanulia. Paka wanaoishi pamoja hujisugua mashavu, paji la uso na ubavu, mmoja kwa mwenzake, na kwa kila kona ya nyumba, mpaka wote wanakuwa na harufu moja. Harufu hiyo ndiyo kitambulisho chao. Macho humwambia paka kuna kitu kinatembea. Kuwa ni nani, anaiuliza pua. Shaba alirudi akinuka dawa ya kuulia vijidudu, dawa ya usingizi, glavu, damu, na hofu ya wanyama wengine waliopita kwenye meza ile. Yake mwenyewe ilikuwa imefunikwa yote. Hata kule kuachama mdomo kulikuwa na maana: kuna kiungo kwenye kaakaa la paka kinachosoma harufu ambazo pua peke yake haizimalizi. Majivu alikuwa amemsoma nduguye kwa bidii zote alizo nazo, na jibu alilopata ni kwamba hamjui.

Nilikaa na simu mkononi nimeishiwa maneno. Maana wiki ile ile nilikuwa nimekwisha kufundishwa somo hilo hilo na Shaba. Yeye naye alibadilika ghafla. Ukimgusa shavu anageuka kukuuma. Anachukua chakula, anakiangusha, anaondoka kwenye sahani kwa hasira. Tulisema amekuwa na kiburi. Picha ya eksirei ikaonyesha meno mawili ya nyuma yanaliwa kutoka kwenye mzizi, jambo ambalo huwapata paka wengi na haliwezi kuzibwa kama jino la mtu. Dawa yake ni kuling'oa. Kwa muda wote ule alikuwa akiishi na maumivu hayo kimya, kwa kuwa paka hufanya kila njia kuuficha udhaifu wake. Nililia pale pale kliniki. Na saa chache baadaye nikaja kumwita nduguye mkatili.

Daktari akasema tuwatenganishe kabisa, wasionane hata kwa mwanya. Shaba akapewa chumba cha nyuma, Majivu akabaki na sehemu nyingine. Kila mmoja sanduku lake la mchanga, maji yake, mahali pake pa kupanda juu. Nikachukua vitambaa viwili vya pamba. Kimoja nikawa namsugulia Shaba mashavuni, upande usio na kidonda, kingine Majivu. Kisha nabadilisha, cha huyu nakiweka chini ya sahani ya yule. Siku ya kwanza Majivu alikifokea kitambaa kana kwamba kina pumzi, akagoma kula. Nikakisogeza hatua tatu mbali na sahani. Akala, huku jicho moja liko kwenye kitambaa.

Siku ya nne nikaharibu. Majivu alikuwa ametulia, amelala chali, na Shaba alikuwa akilia nyuma ya mlango kwa upweke. Moyo haukunipa. Nikafungua. Walitazamana muda wa kuvuta pumzi mbili, kisha ikawa kama jioni ile, ila safari hii Shaba naye alijibu, kwa kuwa sasa alikuwa na sababu ya kumwogopa Majivu. Nilirusha blanketi, sikuingiza mkono. Lakini nilichokipata kwa siku nne kikapotea kwa sekunde kumi. Daktari hakunilaumu. Alisema paka akishapandwa na hofu ya namna ile, mwili wake unaweza kuchukua saa nyingi, hata siku, kushuka; unamwona ametulia kumbe ndani bado anachemka.

Usiku ule Mama aliniita jikoni. "Mwanangu," akasema, "nawapenda wote wawili, lakini nyumba haiwezi kuwa na mipaka kama nchi mbili. Mmoja itabidi tumtafutie kwa kwenda." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amechoka kupita milango kwa kunyata, na ule mkono wangu uliofungwa bandeji ulimtia hofu. Nikamwomba mwezi mmoja. Akauliza, "Na mwezi ukiisha?" Sikuwa na jibu. Akanipa hata hivyo.

Nikaanza upya, safari hii kwa mwendo wao. Chakula nikawapa pande mbili za mlango uliofungwa, sahani zikiwa mbali, kila siku nikisogeza kwa upana wa kiganja, na mmoja akikataa kula narudisha nyuma. Mchana tulibadilisha vyumba bila wao kukutana, ili kila mmoja atembee juu ya harufu ya mwenzake na kuisugulia yake juu. Tuliongeza sanduku la tatu la mchanga, asije mmoja akamvizia mwingine njiani. Kilichonipa moyo kilikuwa kile kitambaa. Majivu alianza kwa kukifokea, akafika mahali pa kukipita bila kukitazama, na asubuhi moja katika wiki ya tatu nilimkuta amelala juu yake, ameingiza pua kwenye mkunjo. Nilirudi nyuma polepole nikamwita Mama kwa mkono. Tulisimama mlangoni tukimtazama, na Mama akanong'ona, "Basi tuendelee."

Baada ya hapo tuliufungua mlango kwa upana wa kidole, tukauzuia kwa kitu kizito. Kisha upana wa ngumi. Kisha tukafunga wavu, wakaonana wakiwa na sahani mbele yao, dakika mbili, tunafunga kabla hata mmoja hajakunja uso. Hilo la kufunga mapema ndilo lililonishinda sana, kwa kuwa mambo yanapokwenda vizuri mtu hutamani yaendelee. Mama alinisaidia. Alisimama na saa.

Ule mwezi aliokuwa amenipa ulipita bila yeyote kuutaja. Katika wiki ya sita tuliondoa wavu. Shaba alitembea mpaka katikati ya chumba akakaa, amempa Majivu ubavu. Majivu alimzunguka kwa mbali. Alimnusa mkia, akafoka mara moja, kwa sauti ndogo, akaenda zake kulala. Hapakuwa na kurambana masikio. Hilo lilichelewa miezi, na kwenye kiti kimoja walirudi taratibu, kwanza mmoja kwenye kiti na mwingine kwenye mkono wa kiti.

Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Majivu kulazwa siku moja. Kabla ya kutoka nilichukua blanketi la kiti chao, ambalo nilikuwa nimeacha kulifua kwa makusudi, nikalifunika juu ya tundu. Niliporudi jioni nililipitisha tundu moja kwa moja hadi chumba cha nyuma, nikijiandaa kumwambia Mama amshike Shaba, nitafute maji na mchanga, nizibe mwanya wa mlango. Vyote vilikuwapo. Taulo lilikuwa limekunjwa tayari kando ya mlango, na juu yake Mama alikuwa ameweka kile kitambaa cha pamba, kimeshasuguliwa, kina manyoya ya rangi ya shaba.