Kuingiza histogramu za ROOT kwenye R: nimefikia hapa

Wiki ya tatu sasa niko na kitu kimoja tu, kuchukua histogramu (grafu za kuhesabu vitu vingapi vimeangukia kila kipande cha mhimili, kipande kimoja ndo bini) zilizomo kwenye mafaili ya ROOT na kuzifungua ndani ya R, lugha ya programu ya takwimu, bila kusakinisha ROOT yenyewe. ROOT ndo programu iliyozaliwa CERN, maabara ya fizikia ya chembe ya Ulaya, miaka ya 90, wanafizikia wa chembe karibu wote wanahifadhi kazi zao humo, na faili lake ni la binari, ukisoma baiti nne za mwanzo unakuta neno "root" limekaa pale.

Nilianza kwa kulisoma mwenyewe na readBin, amri ya R ya kusoma baiti. Kichwa cha faili kilisomeka vizuri nilipoweka endian = "big" (baiti kubwa ya namba inatangulia), ila ndani data imebanwa, na kila aina ya histogramu ina mpangilio wake na toleo lake, nikaona hapa nitakesha bure. Nikahamia uproot, maktaba ya Python inayosoma haya mafaili bila ROOT, naiita kutoka R kupitia reticulate, kifurushi cha R cha kuendesha Python. Mistari mitano hivi, namba zikaingia.

Shida ikaanza baada ya hapo. Histogramu yangu ya majaribio ni masi ya jozi za muoni (chembe kama elektroni ila nzito zaidi), kuanzia GeV 60 hadi 120 (GeV ni kipimo cha nishati, hapa cha masi), bini 60, kila moja GeV 1. Kilele cha Z, chembe inayovunjika kuwa jozi ya muoni, kinatakiwa kikae kwenye bini ya GeV 91 hadi 92, maana masi ya Z ni kama GeV 91.19. Changu kikakaa 92 hadi 93. Siku mbili nakagua hesabu zangu, kumbe vekta niliyovuta ina namba 62 na mimi nimechukua 60 za mwanzo. ROOT inaweka bini namba 0 kwa vilivyoanguka chini ya mpaka, halafu ya mwisho kabisa kwa vilivyozidi juu, na R inahesabu kuanzia 1, kwa hiyo kila kitu kimesogea hatua moja na hakuna onyo lolote linalotokea. Hili ndo linanitisha kuliko makosa yote, grafu inatoka nzuri kabisa na ni ya uongo. Sasa hivi hizo bini mbili nazitoa na kuzihifadhi pembeni, sizitupi, maana bila hizo jumla haitalingana na ya faili.

Kosa langu la pili ni kwenye makosa ya kipimo, yaani ule mstari wa wima juu ya kila bini unaoonyesha kiasi cha kutokuwa na uhakika. Nilikuwa napiga sqrt (mzizi wa mraba) ya idadi tu. Hiyo ni sawa kama kila tukio lina uzito 1, yaani linahesabiwa kama moja, lakini chukua bini yenye matukio mawili, kila moja uzito 3: thamani ni 6, sqrt yake 2.45, wakati kosa sahihi ni mzizi wa 9 + 9, yaani 4.24. Zile jumla za uzito wa mraba zimo kwenye fSumw2, sehemu ya histogramu ya ROOT, ukiiacha nyuma huwezi tena kuzipata kutoka kwenye thamani peke yake. Kwa hiyo usije ukarudia namba ya katikati ya bini kwa rep() halafu ukaita hist(), amri ya R inayohesabu bini upya, uzito wote unapotea.

Na hist() nayo ina tabia yake, bini za R kwa kawaida zinajumuisha mpaka wa kulia, za ROOT zinajumuisha wa kushoto, ukihesabu vitu vya namba kamili kama idadi ya njia zilizoachwa na chembe, kitu chenye thamani 5 kinaangukia bini tofauti. Ndo maana siiti hist() kabisa, najenga orodha mwenyewe yenye breaks (mipaka), counts (idadi), density (msongamano) na mids (katikati za bini), naipa klasi "histogram", plot() inaipokea bila shida.

Jana usiku nimeendesha upya, kilele kimekaa 91 hadi 92 na jumla ya bini zote 62 imelingana na ya faili. Inayofuata ni histogramu za pande mbili, hapo bini za pembeni zinazunguka pande zote nne.