Nilivyoendesha mafunzo ya kuripoti usafirishaji haramu wa binadamu kwa waandishi wa mikoani

Nilipoombwa kuendesha mafunzo ya waandishi wa habari wa mikoa ya Tanga na Kilimanjaro kuhusu namna ya kuripoti uhamiaji na usafirishaji haramu wa binadamu, nilikabidhiwa ratiba iliyokuwa imeandaliwa tayari: maadili ya uandishi asubuhi, sheria mchana, na jioni ushuhuda wa msichana aliyeokolewa kutoka kwenye utumikishwaji. Ratiba hiyo niliipangua karibu yote. Kinachomshinda mwandishi wa Same au Korogwe si kutojua kwamba utu wa mtu unapaswa kulindwa, kwa kuwa hilo alilisoma chuoni na anaweza kulikariri. Kinachomshinda ni kulitekeleza saa kumi jioni, akiwa na taarifa ya kamanda wa polisi mkononi, picha aliyotumiwa kwenye simu, na malipo ambayo hayaji mpaka habari itoke.

Kwa hiyo nilimtaka kila mshiriki aje na habari zake mwenyewe zilizokwisha kuchapishwa au kurushwa hewani, na hizo ndizo zikawa kitabu chetu cha kiada. Nyingi zilihusu vijana wa Ethiopia waliokamatwa wakiwa njiani. Wengi wa vijana hao hutoka maeneo ya kusini mwa nchi yao, hasa Hadiya na Kembata, wakapitia mji wa mpakani wa Moyale na Kenya, wakaingia Tanzania kwa njia za panya za upande wa Holili na Horohoro au kwa mashua, kisha wakaelekea Tunduma, mpakani na Zambia, au Kasumulu, mpakani na Malawi, ili wapite huko na Msumbiji hadi Afrika Kusini. Habari tulizozisoma zilikuwa na idadi ya waliokamatwa, uraia wao, mahali walipokutwa na kauli ya kamanda, basi. Niliwaomba washiriki wafute kwa kalamu kila sentensi iliyotoka polisi, na kwenye karatasi kadhaa kilichosalia kilikuwa kichwa cha habari na jina la mwandishi.

Hapo ndipo mjadala ulipochangamka, na niliuacha uendelee hata muda wa chai ukapita. Tuliandika ubaoni maswali ambayo hayakuulizwa: lori ni la nani, dereva yuko wapi, nani alilipwa na kwa ahadi gani, mahojiano yalifanyika kwa lugha ipi na mkalimani alikuwa nani, je, miongoni mwao wamo watoto, na kuna mtu yeyote aliyejaribu kubaini kama baadhi yao ni wahanga kabla hawajafunguliwa mashtaka ya kuingia nchini bila kibali? Niliwakumbusha kwamba Juni 2012 miili ya Waethiopia zaidi ya 40 ilikutwa wilayani Kongwa, mkoani Dodoma, baada ya kusafirishwa ndani ya lori, na kwamba Machi 2020 wengine 64 walikutwa wamekufa ndani ya kontena mkoani Tete, Msumbiji. Habari inayoishia kwenye idadi ya waliokamatwa humwacha mwenye lori akiendelea na biashara yake.

Sheria tuliipitia kwa kutumia kesi hizo hizo. Itifaki ya Palermo ya mwaka 2000, yaani mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu, na Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya Tanzania ya mwaka 2008 zinatazama mambo matatu: kitendo, kama vile kumchukua mtu, kumsafirisha au kumhifadhi, njia iliyotumika, kama vile vitisho, nguvu au hadaa, na lengo, ambalo ni unyonyaji. Kumvusha mtu mpaka kwa malipo, kwa hiari yake, ni magendo ya wahamiaji, nalo ni kosa jingine, ingawa safari iliyoanza hivyo inaweza kugeuka njiani pale anapofungiwa ndani hadi nduguze watume fedha zaidi. Aliye chini ya miaka 18 hahitaji kuthibitishiwa kwamba alidanganywa au alitishwa. Kitendo na lengo vinatosha. Jambo lililowashtua wengi ni kwamba kuvuka mpaka wa nchi si sharti, hivyo msichana anayetolewa kijijini kwa ahadi ya kusomeshwa, akaishia kutumikishwa bila mshahara katika nyumba ya mtu Dar es Salaam, anaweza kuwa mhanga sawasawa na aliyepelekwa ng'ambo. Mshiriki mmoja aliwaka moto akataka kila shangazi anayeleta binti wa kazi mjini aandikwe kuwa msafirishaji. Ilibidi nimtulize, kwa sababu kumpachika mtu kosa zito ambalo hakushtakiwa nalo ni uvunjaji wa maadili uleule, ila umegeuzwa upande.

Zoezi ambalo nisingeliacha kwa lolote lilikuwa la utambulisho. Nilitunga habari ya msichana ambaye jina lake limebadilishwa na uso wake umefichwa, lakini nikaacha mambo madogo ambayo waandishi huyapenda kwa kuwa yanaipa habari uhai: kata anakotoka, baba aliyekuwa fundi cherehani sokoni, pacha wake anayesoma, na kovu shingoni. Nikawauliza, kama msichana huyu angekuwa wa kwenu, mngempata vipi? Mwandishi wa redio ya jamii alijibu papo hapo kwamba angempigia fundi mmoja tu pale sokoni, na kabla ya chakula cha mchana angekuwa amekaa sebuleni kwao. Wenzake walicheka, kisha wakaanza kufunua habari zao wenyewe kutafuta mafundi cherehani wao. Tangu hapo sikuhitaji kueleza tena kwa nini kubadilisha jina hakutoshi, wala kwa nini sauti ya mtu redioni humtambulisha kijijini kwao haraka kuliko picha.

Kuhusu ule ushuhuda wa jioni, niliukataa, na mvutano na waandaaji haukuwa mdogo, kwa kuwa walishaahidi wafadhili wao kwamba sauti ya manusura ingesikika. Hoja yangu ilikuwa kwamba msichana anayelala katika nyumba salama, anayekula hapo na kusubiri nauli ya kurudi kwao kutoka kwa watu haohao wanaomwomba azungumze, hana nafasi halisi ya kukataa. Badala yake alikuja afisa ustawi wa jamii, akaigiza nafasi ya manusura huku waandishi wakimhoji. Alinyamaza kwa makusudi, akajichanganya katika tarehe, akakubali kurekodiwa kisha akabadili mawazo. Waandishi waliozoea kuwabana wanasiasa walijikuta wanambana naye kwa maswali ya kumtega, na yeye ndiye aliyewaeleza kwamba kumbukumbu za mtu aliyeumizwa haziji kwa mpangilio, na kwamba kuchanganya tarehe si dalili ya uongo. Aliwaachia pia desturi ya kumalizia habari za watoto kwa namba 116 ya huduma kwa mtoto.

Wahariri niliwaalika kwa nusu siku ya mwisho, na wachache waliofika walisaidia kuliko posho yote tuliyolipa. Mwandishi anaweza kuandika vizuri, kisha dawati likaweka kichwa cha habari kinachosema "wanaswa", na picha ya watu waliokalishwa chini wakiwa wameinamisha vichwa. Redio mbili za jamii zimekwisha kubadili utaratibu wao, na mshiriki mmoja anafuatilia mahakamani kesi ya mmiliki wa lori tangu ilipoanza kutajwa. Magazetini hali ni ngumu zaidi, kwa sababu picha hizo huwa zimeshasambaa katika makundi ya simu kabla mhariri hajaamua lolote, na mwandishi anayelipwa kwa habari akikataa kutuma picha hujua mwenzake ataituma. Awamu inayofuata nimeomba ianzie kwa wahariri wa picha, na ifanyike ndani ya chumba cha habari badala ya hotelini.