Wekundu wa maji makuu
Leo alfajiri, mkondo wa Pemba: mshipi umeshuka pima 120 kabla ya chubwi kugusa mwamba. Wakapanda samaki wekundu wawili, macho makubwa, tumbo limewatokeza mdomoni kwa kupandishwa ghafla. Sokoni wote huuzwa kwa jina moja, na hilo linaniuma, maana si samaki mmoja! Wa kwanza, panda za mkia ndefu kama za mbayuwayu: kwa jina la kisayansi, Etelis coruscans. Wa pili nimemgeuza juani mara tatu. Ncha nyeusi, panda ya juu ya mkia. Etelis boweni alitenganishwa na ndugu yake Etelis carbunculus, akatambuliwa na wanasayansi kuwa spishi mbali, mwaka 2021 tu, na weusi huo ni alama yake. Picha, kipande cha pezi, kina, nukta ya GPS: nimeandika vyote kabla rangi haijafifia.