Maneno Yaliyochongwa Chini ya Meli

Wapendwa katika Bwana, amani iwe kwenu.

Somo letu wiki hii ni Wakolosai 3:22 hadi 4:1. Ni maneno magumu, maana Paulo anasema na watu waliokuwa mali ya watu wengine. Yametumiwa mara nyingi kuwanyamazisha wanyonge, na anayeyasoma mbiombio anaweza kudhani Mungu yuko upande wa mwenye fimbo. Naomba tuyasome taratibu, tena tuyasome tukiwa na fundi mmoja wa meli ambaye habari zake hazijanitoka moyoni tangu nizipate.

Aliitwa Jamsetjee Bomanjee Wadia, Mparsi, yaani mfuasi wa dini ya Zoroasta, wa Bombay, mji wa India ambao leo unaitwa Mumbai. Babu yake, Lovji Nusserwanjee, alitoka Surat mwaka 1736, akaitwa na Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki aje kuunda meli Bombay. Kazi ikabaki ndani ya ukoo. Jamsetjee hakupewa cheo kwa sababu ya jina la babu: alianza kama seremala wa kawaida, kwa ujira mdogo, akishika tezo na patasi kama wenzake, mpaka mwaka 1792 alipopanda na kuwa fundi mkuu pamoja na ndugu yake Framjee. Tangu Framjee alipofariki aliendelea mwenyewe hadi kifo chake mwaka 1821.

Waingereza walizoea kuunda manowari zao kubwa kwao wenyewe. Lakini vita na Ufaransa vilikuwa vimemaliza mialoni yao, na huku Malabar, pwani ya kusini-magharibi mwa India, kulikuwa na msaji, mti wa mbao ngumu. Mwaloni una asidi inayokula chuma, kwa hiyo misumari huoza ndani ya mbao. Msaji una mafuta yanayokihifadhi chuma, na wadudu wa baharini hawaupendi. Basi oda zikaja Bombay. Mwaka 1810 Jamsetjee alishusha majini Minden, manowari ya mizinga 74. Mwaka 1813 ikafuata Cornwallis, nayo ya mizinga 74. Mwaka 1817 ikashuka Trincomalee, ambayo mkuku wake, yaani gogo la msingi la chini kabisa ya meli, ulipolazwa, fundi mwenyewe aligongelea msumari wa fedha kwa desturi ya dini yake.

Sasa sikilizeni kazi hiyo ilivyodumu. Cornwallis ilivunjwa mwaka 1957. Trincomalee iko Hartlepool, Uingereza, hadi leo, na ndiyo manowari kongwe kuliko zote za nchi hiyo ambayo bado inaelea.

Hata pwani yetu iliguswa na karakana ile. Baada ya Jamsetjee kufariki, mwanawe Nowrojee alishika nafasi yake, na mwaka 1826 Bombay ikatoa Liverpool, manowari ya mizinga 74 ya Seyyid Said wa Omani. Ndiyo iliyokuja naye Mombasa mwaka 1828. Baadaye aliitoa zawadi kwa mfalme William wa Nne wa Uingereza, ikapewa jina la Imaum.

Lakini kilichonishika ni jambo lingine.

Kabla ya hizo zote, mwaka 1800, Jamsetjee alikuwa akiunda meli nyingine ya vita, nayo iliitwa Cornwallis, mali ya Kampuni. Ndani ya meli, juu ya mkuku, hulazwa gogo kubwa linaloyabana mataruma, yaani mbavu za meli, yasichezecheze. Likishafunikwa kwa sakafu na shehena, hakuna abiria wala afisa atakayeliona. Inasimuliwa kwamba kwenye gogo hilo Jamsetjee alichonga maneno kwa Kiingereza, ambayo kwa lugha yetu ni haya: “Meli hii iliundwa na mtu mweusi mlaaniwa, mwaka 1800.” Akanyamaza. Miaka ikapita, meli ikarudi gudini kutengenezwa, ndipo akawaonyesha.

Yale hayakuwa maneno yake, ila ndivyo alivyokuwa akiitwa. Alikuwa fundi wa fundi, na waliomtegemea wasizame walimwita mlaaniwa kwa sababu ya rangi ya ngozi yake.

Hebu fikirini alikuwa na nini mkononi. Mbao za manowari zilishikwa kwa boliti za shaba, nyingine ndefu kuliko mkono wa mtu, zilizopigiliwa zikapenya unene wote wa ubavu kutoka nje hadi ndani. Enzi hizohizo, katika baadhi ya karakana za watu binafsi Uingereza, walikuwapo mafundi walioiba shaba. Walipigilia kichwa upande wa nje na kipande kifupi upande wa ndani, katikati pakabaki patupu. Mabaharia waliziita boliti za shetani. Mkaguzi akipita anaona vichwa vimepangana vizuri, vimeng'aa, anatia sahihi. Siri hutoka siku ya dhoruba, mbao zinapoanza kuachana. Na hao walikuwa wakiwafanyia hivyo watu wa nchi yao wenyewe, ambao hawakuwa wamewatukana.

Jamsetjee alitukanwa. Angeweza kuyajibu matusi kwa boliti, na hakuna ambaye angejua. Uchungu wake aliuchonga kwenye gogo, lakini boliti zake zilikuwa nzima.

Paulo anasema: “si kwa utumwa wa macho, kama wajipendekezao kwa wanadamu, bali kwa unyofu wa moyo, mkimcha Bwana.” Tazameni, hapa hatuagizwi kuchekacheka mbele ya anayetudharau. Anayejipendekeza amekatazwa waziwazi. Mtu anaweza kufanya kazi safi kabisa na bado akasema, “Nilichotendewa ni kibaya.” Zaburi zimejaa watu waliosema hivyo, na Mungu hakuwafukuza. Nuhu aliagizwa kuipaka safina lami “ndani na nje”, na huko ndani, chini ya majani na samadi ya wanyama, nani angekagua? Aliyeagiza ndiye aliyekuwa akiona.

Najua wapo watakaouliza kwa nini tumtazame mtu ambaye hakuwa wa imani yetu. Sulemani alipojenga nyumba ya Bwana alitafuta wakata miti wa Sidoni, akasema wazi kwamba kwake hakuna anayewafikia. Na shaba ya hekalu ilifanywa na Hiramu, fundi ambaye baba yake alikuwa mtu wa Tiro. Biblia haioni haya kumpa fundi haki yake.

Lipo na la kuhuzunisha, wala sitalificha. Hizi zilikuwa meli za vita. Ndani ya ile Cornwallis ya mwaka 1813 ndimo China ilimotia sahihi mkataba wa Nanking mwaka 1842, baada ya kupigwa katika vita vilivyotokana na biashara ya kasumba. Fundi alikuwa ameshafariki miaka 21. Uaminifu wa mkono hautakasi kila anachokifanya mwenye mali, na Mkristo anayo haki ya kuuliza kazi yake inaishia wapi.

Nawaandikia hasa ninyi mnaofanya kazi mahali ambapo jina lenu halitajwi kwa heshima. Wewe dada unayelea watoto wa watu huko Ghuba na kuitwa usivyostahili kuitwa. Wewe mlinzi unayesimama getini usiku kucha. Wewe fundi ujenzi unayeambiwa upunguze nondo kwa kuwa plasta itafunika. Sikwambii ukae unyanyaswe. Pakiwa na mlango wa kutoka, toka, na pakiwa na sheria, idai haki yako. Ila siku utakazokuwa bado upo kazini, usiruhusu tusi la mtu liingie kwenye nondo. Watakaolala chini ya dari ile ni watu ambao hawajawahi kukutukana.

Somo halikuishia kwa mtumwa. Mstari wa 4:1 unatugeukia sisi wenye kulipa mishahara: “Ninyi mabwana, wapeni watumwa wenu yaliyo ya haki na ya adili, mkijua ya kuwa ninyi nanyi mna Bwana mbinguni.” Wengi wetu ni waajiriwa mchana na mabwana jioni, tukifika nyumbani kwa msichana wa kazi ambaye hatujui hata jina la mama yake. Kama mshahara wake wa mwezi uliopita haujalipwa wote, ulipwe kabla ya Jumapili, kabla hatujaja mezani pa Bwana.

Tuombe. Ee Bwana, uliyefanya kazi ya useremala Nazareti, uwaone wanaotukanwa na watu wanaowategemea. Linda mikono yao na mioyo yao. Nasi tuliowaita wenzetu majina mabaya, tupe nguvu ya kwenda kuwaomba radhi wiki hii. Amina.