Umeisikia ikishika?

Jumanne nilimdanganya mzee, na tangu siku hiyo silali vizuri. Safari hii si mbu.

Gari mnalijua: Peugeot 504 ya 1978, lile ambalo kila mgeni akifika lazima aambiwe kuwa 504 zilishinda Safari Rally 1975 na tena 1978. Tangu Ramadhani linachemsha. Nimesafisha rejeta kwa mpira wa maji, kinyumenyume, likatapika tope la rangi ya chai ya maziwa. Hayo ndiyo malipo ya kulinywesha maji ya kisima cha chumvi. Themostati, kile kifungio kinachofunguka maji yakipata moto, nimeitumbukiza kwenye sufuria jikoni, nikaiona ikifunguka vizuri, Mama Salha naye akaiona sufuria yake. Hayo tuyaache. Fundi jirani akasema hiyo themostati niitupe tu, nchi ya joto hii. Nikakataa, maana injini isiyofikia joto lake nayo hula mafuta na kujimaliza polepole. Nikakaza klipu, nikatoa hewa mpaka mapovu yakaisha, vidole vimechunika. Nikawasha. Mshale ukapanda, ukapita pale ulipotakiwa kusimama.

Mzee alikuwa kwenye kiti chake mlangoni. Akauliza, "Umeisikia ikishika?"

Feni hiyo. Kwenye 504 haivutwi na injini muda wote. Maji yakipata moto, swichi ya kwenye rejeta hupeleka umeme kwenye sumaku ya puli, inashika, tik, ndipo upepo unakuja.

"Nimeisikia, baba."

Sikusikia kitu. Nilikuwa nimechoka, nataka kuoga.

"Haya," akasema, akaingia ndani.

Haya! Wiki nzima naigeuza hiyo haya. Jumatano Mwanaidi kajifungua mtoto wa kike, alhamdulillahi, wote wazima, nami nipo kwenye benchi la wodini nawaza haya ya mzee. Masikio yake mnajua yalivyopungua, redio siku hizi anailaza begani. Na huyu ndiye mtu aliyeendesha Tanga–Dar miaka yote ile kwa masikio, gari likibadili pumzi anajua kabla ya geji. Sasa kama aliuliza kwa sababu hakuisikia tik, nami nikamjibu kwamba imelia, nimemwambia nini hapo?

Ijumaa baada ya swala nikafungua feni. Kaboni yake, kipande kidogo kama punje ya muhindi kinachopitisha umeme kwenda kwenye sumaku, imelika haigusi tena. Kumbe yote yale, rejeta, sufuria, vidole, ni hiki! Fundi umeme akanipa kaboni ya stata kuukuu, nikaipiga msasa hadi ikaingia.

Nikawasha, tukasubiri, mimi nimeinamia injini, yeye kitini, hatua kama kumi. Mshale unapanda. Nikaona kidole chake cha shahada kimeinuka kutoka kwenye mkono wa kiti, kabla sijasikia chochote, au labda mimi ndiye niliyechelewa.

Tik.

Upepo ukanipiga usoni na vumbi lake lote. Nikacheka peke yangu kama mwehu. Nilipogeuka, mzee ameshafumba macho, anavuta tasbihi yake.

Kwa hiyo Jumanne alijua.

Salha leo kakataa chapati, anasema jino. Nimemulika kwa simu: ni lile la nyuma, na hilo si la utoto.